Mke na mume wasiojua skii: tuutumieje msimu wa baridi tukiwa Ulaya?

BintiWaIsar ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu.

Mimi na mume wangu tunaishi München, yeye akifanya kazi ya zamu na mimi nikimalizia masomo, na msimu wa baridi uliopita tuliumaliza ndani ya nyumba. Mwezi wa Desemba jua la huku huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua saa kumi na dakika ishirini hivi jioni, kwa hiyo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja anaweza kupitisha wiki nzima asiuone mchana isipokuwa kupitia dirishani. Masoko ya Krismasi yalitutoa nje mara chache, lakini mengi hufungwa mkesha wa sikukuu yenyewe, na baada yake inabaki Januari na Februari, miezi ambayo wenyeji huifurahia ilhali sisi tunahesabu siku ziishe.

Mwaka huu tumekubaliana kutoka, na hapo ndipo tofauti yetu inapoanzia. Mimi naipenda theluji na niko tayari kujaribu karibu kila kitu. Mwenzangu hufa ganzi vidole mapema, anachukia kusimama nje bila shughuli, na msimamo wake ni kwamba hatalipa fedha zake ili akateseke. Sote wawili hatujui kuteleza kwa skii. Hatuna gari, ingawa yeye ana leseni ya Ujerumani na tungeweza kukodi. Tuna vibali vya ukaazi vya Ujerumani na pasipoti za nchi isiyokuwa ya Umoja wa Ulaya.

Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliokwisha kufanya safari hizi wakiwa wawili, kwa sababu ushauri wa kijana anayezunguka peke yake na begi mgongoni hautatufaa. Tuanzie wapi karibu na hapa ili mwenzangu asikate tamaa siku ya kwanza? Safari ya kaskazini kwenda kuona aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana angani usiku, inastahili gharama yake? Gari la kukodi linasaidia au linaongeza matatizo? Na ni mambo gani ya bima na karatasi tuyaangalie kabla ya kuvuka mpaka kuingia Austria au Uswisi?

MkaaMilimani amejibu:

Karibu, mdogo wangu. Ninaishi Graubünden, mashariki mwa Uswisi, na nimeona wenzi wengi wakija milimani na furaha kisha wakaondoka hawasemezani. Sababu karibu kila mara ni moja: mmoja aliipanga siku nzima kwa kipimo cha uwezo wake, na mwingine akaburuzwa. Kwa hiyo mimi ningechagua mahali kwa kuuliza kwanza kama yule anayesikia baridi zaidi anaweza kusema "nimetosheka" na akawa kwenye chumba chenye joto ndani ya nusu saa, bila kumharibia mwenzake siku. Ukilishika hilo, sehemu nyingi zinazotangazwa sana zitajiondoa zenyewe kwenye orodha yenu.

Anzeni na mji wa milimani wa Garmisch-Partenkirchen. Treni ya mkoa kutoka München hufika kwa takriban saa moja na nusu, na tiketi moja ya Bayern-Ticket inaweza kuwachukua nyote wawili kwenda na kurudi, ila siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Msiikimbilie Zugspitze. Ni kweli kwamba ndicho kilele kirefu kuliko vyote Ujerumani, mita 2,962, na kwamba gari la kebo lililofunguliwa Desemba 2017 hupanda kutoka ziwa Eibsee kwa muda wa dakika kumi hivi. Lakini tiketi yake ni ghali, upepo wa juu hauna huruma, na siku ya mawingu mtakuwa mmelipia ukungu. Nendeni badala yake kwa miguu hadi Partnachklamm, korongo lenye urefu wa mita 700 hivi, ambalo kuta zake zinapanda zaidi ya mita 80. Maji yanayochuruzika kwenye kuta hizo huganda wakati wa baridi na kuning'inia juu ya njia kwa mapazia marefu ya barafu, huku mto wenyewe ukiendelea kwenda kasi chini yake. Njia imechongwa ubavuni mwa mwamba, ina vizuizi vya kushika, na matembezi kutoka uwanja wa skii uliotumika katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936 yanatosha kumpasha mtu mwili kabla hajaingia kwenye ubaridi wa korongo. Tazameni tangazo la siku hiyo kabla ya kupanda treni, kwa maana korongo hufungwa pale barafu au mawe yanapotishia kuanguka.

Jambo ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote, hata hivyo, ni sleji, ile ya mbao yenye vyuma viwili chini ambayo mtu huikalia na kuiongoza kwa miguu. Haidai mafunzo ya siku kadhaa, haidai mavazi maalumu, na wote wawili mtakuwa wanagenzi kwa kiwango kilekile, jambo lenye thamani kubwa katika ndoa. Mahali penyewe ni kati ya Preda na Bergün, huku kwetu. Barabara ya kupitia mlima Albula hufungwa kwa magari wakati wa baridi na kugeuzwa njia ya sleji ya kilomita 6, yenye mteremko wa jumla wa mita 400 hivi. Mnapanda treni Bergün, mnashuka Preda, mnateremka na sleji hadi Bergün, kisha mnapanda treni tena. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1903, na kwa sababu bonde ni jembamba mno kwa treni kupanda moja kwa moja, wahandisi waliizungusha ndani ya mahandaki na juu ya madaraja, ikawa mtu aliyeketi dirishani huiona njia aliyotoka muda mfupi uliopita ikiwa chini yake. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na ile ya Bernina. Kwa mume wako faida ni kwamba kila baada ya mteremko anakaa kwenye behewa lenye joto. Kutoka München ni safari ya karibu nusu siku, hivyo laleni angalau usiku mmoja. Njia huwashwa taa jioni, na kwa maoni yangu jioni ndiyo saa yake nzuri kabisa.

Kuhusu vidole vyake, kabla ya kumlaumu kwa uvivu tazama viatu vyake. Watu wengi hununua viatu vya saizi yao ya kawaida, wakavaa jozi mbili za soksi ndani yake, na matokeo ni kwamba mguu unabanwa, damu haipiti vizuri, na hewa inayotakiwa kuhifadhi joto haina nafasi. Soksi moja nene ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi ina joto kuliko mbili zilizobanana. Fulana ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za kutengenezwa, kamwe isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hufyonza jasho na kubaki imelowa, na mtu aliyelowa akisimama dakika tano huanza kutetemeka. Glavu zenye mfuko mmoja wa vidole vinne hushinda zile zinazotenganisha kila kidole. Miwani ya jua na losheni si mapambo, hata kwa sisi wenye ngozi nyeusi: theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na macho na midomo ndiyo huumia kwanza.

Mkitaka skii baadaye, jiandikisheni darasa la wanaoanza, kila mmoja kundi lake ikibidi, na msifundishane ninyi kwa ninyi. Wiki zinazofuata sikukuu ya tarehe 6 Januari, kabla ya likizo za shule za Februari, huwa na nafasi zaidi na bei zilizopungua.

FundiReli amejibu:

Nakubaliana na dada hapo juu kuhusu treni, nami nitajibu yale ya gari, karatasi na bima, kwa kuwa ndiyo huharibu safari kimyakimya.

Gari la kukodi si haramu, lakini kwa safari zilizotajwa litawaongezea mzigo. Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inadai tairi za baridi wakati wowote barabara inapokuwa na theluji, barafu au umande ulioganda, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tairi hizo lazima ziwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazikubaliki tena. Faini huanzia euro 60 na huambatana na alama moja kwenye kumbukumbu ya dereva. Austria inadai tairi za baridi katika hali ya aina hiyo kati ya tarehe 1 Novemba na 15 Aprili, na barabara zake kuu zinahitaji vinyeti, yaani stika ya ushuru ya kubandika kiooni au iliyosajiliwa kwa namba ya gari. Dereva ndiye anayesimamishwa na polisi, kwa hiyo mkague tairi kwa macho yenu kabla ya kutia saini, na msome kama mkataba unaruhusu gari kuvuka mpaka. Nina rafiki aliyekabidhiwa gari lenye tairi za kiangazi katikati ya Januari na kuambiwa kwamba za baridi hulipiwa zaidi. Alilirudisha pale pale, na alifanya vyema.

Tukija kwenye karatasi: kibali cha ukaazi cha Ujerumani pamoja na pasipoti halali vinawaruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Austria imo, na Uswisi na Norway zimo pia ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Bebeni kadi na pasipoti zenyewe, kwa sababu picha ya simu haimtoshi afisa wa mpaka. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na treni inayotoka Salzburg au Kufstein, upande wa Austria, inaweza kusimamishwa mkaguliwe. Ikiwa kadi ya mmoja wenu imekwisha muda na mnasubiri mpya, iulizeni ofisi ya wageni kwa maandishi kama hati ya muda mliyopewa inaruhusu kutoka na kurudi, kabla ya kulipia hoteli.

Bima ndiyo yenye mtego usiojulikana na wengi. Mgongoni mwa kadi ya bima ya afya ya serikali ya Ujerumani ndipo ilipo kadi ya bima ya Ulaya, na watu hudhani kwamba nyota za Umoja wa Ulaya zilizochapwa pale zinawalinda kila waendako. Raia wa nchi isiyo ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ujerumani anaweza kuitumia Austria, Italia, Sweden au Finland, lakini kwa kawaida haimfai Uswisi, Norway, Iceland, Liechtenstein wala Denmark, isipokuwa kwa makundi machache kama wakimbizi na wanafamilia wa raia wa Umoja. Maana yake ni kwamba ninyi wawili mkienda Bergün mnahitaji bima ya safari, hata kama jirani yenu Mjerumani anayekaa behewa moja nanyi haihitaji. Vilevile, kadi hiyo hailipii kuokolewa mlimani kwa helikopta mahali ambapo huduma hiyo si sehemu ya tiba ya umma, na bili yake huweza kufikia maelfu ya euro. Uanachama wa klabu ya milima ya Ujerumani au Austria unajumuisha bima ya uokoaji, na kwa wenzi kuna ada iliyopunguzwa kwa mmoja wao; kwangu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko miwani ya bei kubwa. Mkiamua kwenda kujifunza skii Italia, kumbukeni kwamba tangu tarehe 1 Januari 2022 kila anayeteleza kwenye viwanja vya huko lazima awe na bima ya madhara kwa watu wengine.

Namba ya dharura ni 112, na inapokelewa Uswisi pia. Simu zenu, hata hivyo, zitatoza vingine huko: utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kutumia kifurushi cha nyumbani bila malipo ya ziada unaifikia Norway lakini hauilazimishi kampuni yoyote kwa upande wa Uswisi. Zimeni data kabla treni haijavuka mpaka, la sivyo ramani ya simu itawagharimu kuliko chakula cha mchana.

Kaskazini69 amejibu:

Salamu kutoka kaskazini mwa Sweden. Mimi na mke wangu tunaishi huku, na swali la aurora tunaulizwa na kila mgeni, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Aurora haiuzwi na hakuna anayeweza kukuahidi, hata akiwa amekuandikia hivyo kwenye tangazo. Chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua huongozwa na usumaku wa dunia hadi karibu na ncha, zikagonga oksijeni na nitrojeni kilomita mia moja na zaidi juu yetu, na gesi hizo zikatoa mwanga. Ule wa kijani hutokana na oksijeni. Ili mwanga huo uonekane lazima mambo matatu yakutane: giza, Jua lililochangamka, na anga lisilo na mawingu. Giza huku lipo tele. Mawingu ndiyo huwaliza wageni, hasa pwani ya Norway, ambako mji wa Tromsø ni mzuri sana kwa macho lakini hupokea unyevu wote wa bahari.

Ndiyo maana mimi huwaelekeza wenzi Abisko, kijiji kilicho takriban kilomita 200 kaskazini ya mstari wa Aktiki, kando ya ziwa Torneträsk. Milima iliyo upande wa Norway hunasa mawingu kabla hayajafika, na eneo hilo ni miongoni mwa yale yenye mvua na theluji kidogo kabisa nchini Sweden. Treni ya usiku yenye vitanda hutoka Stockholm kuelekea Narvik, Norway, na kusimama pale pale Abisko. Hapa napishana kidogo na dada MkaaMilimani: kanuni yake ya nusu saa haiwezi kutimia huku, kwa kuwa hakuna kilicho karibu na kingine, lakini treni yenyewe ni chumba chenye joto kinachotembea, na mtu asiyependa baridi anaweza kuuona msitu wenye theluji kwa saa nyingi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Acheni siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kurudi. Reli hii hubeba pia madini ya chuma, na treni ya madini ilipoacha reli Desemba 2023 njia ya kati ya Kiruna na Narvik ilifungwa kwa wiki kadhaa.

Msije Desemba. Bei ziko juu, hasa Rovaniemi upande wa Finland ambako familia za Ulaya nzima huleta watoto, na huku Abisko sehemu kubwa ya mwezi huo jua halichomozi kabisa, jambo ambalo kwa mtu aliyechoshwa na giza la München ni kumwongezea dozi. Njooni Machi. Theluji bado ni nene, anga hutulia zaidi, mchana na usiku vinakaribia kulingana, na wiki zinazozunguka tarehe 20 Machi zina historia ya aurora nyingi kuliko katikati ya majira ya baridi. Mchana mtatembea kwenye theluji kwa viatu vipana au mtapanda sleji ya mbwa, na usiku mtatoka nje pale tu inapobidi. Kuanzia katikati ya Aprili usiku unakuwa mweupe mno, na msimu umekwisha.

Kwa mwenzako asiyependa kusimama, epukeni zile ziara za basi zinazoondoka saa mbili usiku na kurudi saa nane, mkiwa mmesimama uwanjani mkitazama juu. Chukueni chumba nje ya taa za barabarani, mle chakula, na mmoja achungulie kila baada ya dakika kadhaa. Aurora ikianza, mtavaa na kutoka. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huku ni kavu, na wageni wengi hushangaa kuiona nafuu kuliko nyuzi moja au mbili zenye unyevu na upepo huko kusini; mavazi mazito mnaweza kukodi mkifika. Betri za simu hupoteza nguvu haraka kwenye baridi hiyo, hivyo iwekeni simu mfuko wa ndani. Na msishtuke macho yakiona wingu la kijivu lenye ukijani hafifu ilhali picha imetoka kijani kibichi: kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, jicho haliwezi.

Inastahili gharama? Kwa mtu atakayefurahia safari hata kama anga litafunga siku zote, ndiyo. Kwa mtu anayekuja kwa ajili ya mwanga peke yake, hapana, na afadhali umuulize mumeo sasa yeye ni yupi kati ya hao.

MzeeWaFriesland amejibu:

Nimesoma yote, na ninaona mmesahau kitu cha bei nafuu kuliko vyote: viatu vya kutelezea kwenye barafu. Huku kaskazini mwa Uholanzi mkongojo wa anayeanza ni kiti cha jikoni. Unakisukuma mbele yako, unachoka unakikalia, na hakuna anayekucheka kwa sababu wote walijifunza hivyo. Viwanja vya barafu ya kutengenezwa vimejaa Bavaria nzima, jimbo lenu, hukodisha viatu, na muda wa saa moja na nusu tu baada ya kazi unatosha. Mchezo huu unampasha mtu joto kuanzia dakika ya tano, kwa hiyo bwana wa vidole vya ganzi ataupenda.

Barafu ya asili ni jambo jingine, na imekuwa adimu. Elfstedentocht, mbio zetu za takriban kilomita 200 zinazopita miji kumi na mmoja ya Friesland, zinahitaji barafu ya sentimita 15 njia nzima, na mara ya mwisho kufanyika ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Waholanzi hawakukubali kukaa tu. Tangu mwaka 1989 maelfu yao huenda kuziendesha mbio mbadala Weissensee, ziwa la Carinthia, Austria, lililo mita 930 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo huwa na barafu inayopimwa na kufagiliwa, na kutoka München ni mahali ambapo, tofauti na anavyosema FundiReli, gari linasaidia kweli.

Sharti langu moja tu: msikanyage barafu ya ziwa au mfereji ambayo hamkuona wenyeji au mamlaka wameiidhinisha. Penye daraja, matete au mkondo unaoingia huwa nyembamba hata pale katikati panapobeba watu. Barafu ikianza kupasuka chini yenu, lala kifudifudi uutawanye uzito, kisha rudi kwa njia uliyokuja nayo.

BintiWaIsar amejibu:

Nawashukuru sana, kaka na dada zangu, na shikamoo Mzee. Nimemsomea mwenzangu majibu yote. La viatu limemgusa, kwa sababu ni kweli huvaa soksi mbili, na la behewa lenye joto kati ya mteremko na mteremko limemfanya aulize bei kabla sijamaliza kusoma. Kuhusu aurora amejibu waziwazi kwamba yeye ni wa kundi la pili, kwa hiyo Abisko tumeiahirisha hadi Machi ya mwaka mwingine, tutakapokuwa na likizo ndefu ya kufurahia treni yenyewe.

Mpango wetu sasa ni kuanza na uwanja wa barafu hapa mjini mara moja kwa wiki, kisha Garmisch siku moja kabla ya Krismasi, kisha Bergün katikati ya Januari, baada ya kununua bima ya safari. Nina maswali mawili yaliyobaki. Tunaweza kukaa wawili kwenye sleji moja, kwa kuwa mwenzangu ana wasiwasi wa kuongoza? Na je, tukodi sleji huko au tununue hapa?

MkaaMilimani amejibu:

Kodini Bergün, kununua na kuibeba kwenye treni tatu ni adhabu isiyo na sababu. Ombeni helmeti pia, hata kama mtaona wenyeji wasiovaa.

Wawili kwenye sleji moja inawezekana, lakini mimi singeshauri kwa watu wazima wanaoanza. Uzito ukiongezeka mwendo unaongezeka, breki ni miguu tu, na anayekaa nyuma haoni kona inakuja, ilhali ndiye kwa kawaida anayetakiwa kuongoza. Chukueni mbili, yeye atangulie na wewe umfuate kwa umbali wa kutosha, ili kasi iwe ile anayoimudu yeye. Kuongoza ni rahisi: kukata kushoto unakanyaga theluji kwa mguu wa kushoto na kuvuta kamba upande huohuo, na kusimama unakita visigino vyote viwili na kuinua pua ya sleji. Viatu viwe na soli yenye meno makali, maana vitakuwa breki kwa kilomita 6. Mkitaka kupumzika, ondokeni kabisa njiani, msisimame kwenye kona.

Anzeni na mteremko mmoja au miwili ya mchana kabla ya kujaribu ya jioni. Pale Bergün kuna njia ya pili inayotoka Darlux, ambayo mtaipandia kwa lifti. Hiyo ina mteremko mkali zaidi, iacheni hadi mumeo aitaje mwenyewe.